Muvure wa Mama, Ukuta wa Mkwe

Sikupata kumpenda mkwe wangu, baba wa mume wa binti yangu, na sitaki mtu anisemee vingine nikishafukiwa. Watu wa Rumonge wana pupa ya kupatanisha. Wakiona wazee wawili wamekaa baraza moja husema, "Aa, yale yamekwisha." Hayajaisha. Nakaa naye baraza moja kwa sababu baraza ni ya binti yangu, na miguu yangu siku hizi haifiki mbali zaidi ya hapo.

Alitujia kutoka Usumbura, alikokuwa akiwajengea Wadachi boma lao. Kabla ya hapo alitoka Ujiji, na kabla ya Ujiji, ukimsikiliza mwenyewe, alishuka kutoka peponi moja kwa moja. Alikuja na kikapu cha zana, timazi na miko na nyundo, pamoja na mwana wa kiume aliyekwisha kuota ndevu. Alikuwa mwashi mzuri. Nalisema mapema ili nisiambiwe nina kijicho.

Mimi nilizaliwa Gatete, na mama yangu alikuwa mpika pombe ya ndizi. Niliolewa na mchuuzi wa chumvi wa hapa Rumonge, nikasilimu, nikajifunza kuandika kwa herufi za Kiarabu kuwashinda wanawake waliozaliwa nazo nyumbani. Mume wangu akafa kwa malale, akaniachia binti mmoja. Kwa mkwe wangu yote hayo hayakuwa kitu. Yeye alikuwa Mwislamu wa kuzaliwa, mimi wa kuolewa. Alipokuja kwangu kuzungumza posa alikitazama kikombe ndani kabla ya kunywa maji, akakigeuza, akakitazama tena. Nilimpa mkono wa kwaheri siku ile na moyoni nikamtukana.

Kwa desturi yetu upande wa bwana harusi hujenga kwanza, na bibi harusi haingii nyumba ambayo mama yake hajaikagua. Nyumba zetu nyingi zilikuwa za fito na udongo, zimeezekwa nyasi. Yeye akaapa kwamba mwanawe ataoa ndani ya nyumba ya mawe, mfano wa boma. Binti yangu alifurahi mpaka akakosa usingizi. Hata mimi nilifurahi, lazima niseme, maana nyumba yangu ilikuwa imeteketea pamoja na mtaa mzima siku ya upepo, askari wa Wadachi walipochoma nyama kando ya ua wa nyasi wakaenda zao kuoga ziwani. Mtu aliyeokoa mkeka na sufuria tu hujua thamani ya ukuta wa mawe.

Sasa niseme alivyojenga. Alipandisha ngozi mbili za mawe, moja ya nje na moja ya ndani, akaacha nafasi katikati inayomeza mkono mpaka kiwikoni. Akishapandisha kiasi alisimama, akayamwagia mawe maji ili yasije yakanywa maji ya chokaa. Kisha akamimina katikati uji mzito: chokaa, mchanga, kokoto, na unga wa vigae vilivyopondwa. Akauchokoachokoa kwa fimbo mpaka mapovu yote yakatoka, ndipo akapandisha mawe tena. Chokaa tulichoma sisi wanawake, kwa makombe na konokono wa ziwani, macho yakituwasha kutwa. "Ukuta ni kile kilicho katikati," alipenda kutuambia. "Mawe ni nguo tu." Alisema kwa sauti ya imamu, na wanawake wenzangu walitikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilitikisa ndoo.

Uji ule ulitaka chombo kikubwa, kwa kuwa kila tabaka lazima limiminwe kwa mkupuo mmoja, la sivyo linashika vipande vipande. Shimo la mchangani hunywa maji. Vyungu ni vidogo. Mtumbwi wa kuvulia usitaje, hakuna mvuvi wa kukubali mtumbwi wake uliwe na chokaa. Lakini mama yangu kule Gatete alikuwa na muvure, lile hori refu la mti ambamo kwetu hukamuliwa ndizi za pombe. Ulikuwa mzima, hauvuji hata tone. Nikamwambia mkwe kwamba nitauagiza uletwe.

Akaweka mwiko chini. "Muvure wa pombe? Nyumba ambayo mwanangu ataswali ndani yake ikorogwe kwenye pombe?"

"Utaoshwa," nikasema.

"Hata uoshwe mara saba, na mojawapo kwa udongo."

Kila aliyepita madrasa anajua ni chombo gani kinachooshwa mara saba na udongo. Ni kile alichoramba mbwa. Alilisema hilo mbele ya wanawake wote waliokuwa na mitungi vichwani, juu ya hori lililonilisha mimi tangu nilipoachishwa ziwa. Ningemrudishia palepale, lakini binti yangu alikuwa ubavuni mwangu, akanishika mkono akaubana mpaka kucha zikaingia. Nikanyamaza. Kunyamaza si kusahau.

Badala ya muvure akauchukua mtumbwi mkongwe uliokuwa ufukweni kwa wakamuaji wa mawese. Mtumbwi ule ulikuwa hauelei tena. Watu walitia humo chikichi zilizopikwa, wakazikanyaga kwa miguu mpaka mafuta yakatoka. Mawese ni halali, hakuna shehe anayebishia. Basi siku za mawese mtumbwi ulikuwa wa mawese, na siku za ujenzi ulikwanguliwa kwa majani ya mgomba, ukasuuzwa kwa maji ya ziwa, ukatiwa chokaa. Kila mtu aliona sawa. Mimi pia niliona sawa, sikujua lolote baya kuhusu mafuta na chokaa. Nilichojua ni kwamba mama yangu ametukanwa, na uchafu wa watu wengine umekaribishwa.

Kwa hiyo nilitafuta ugomvi mahali pengine. Nilimwambia mawe yake ya ufukweni ni ya mviringo, yatateleza. Akachukua jiwe, akalipasua kwa nyundo, akanionyesha uso bapa ulivyokaa juu ya mwenzake. Nilimwambia mchanga wake una matope. Akautia kwenye kibuyu chenye maji, akautikisa, akauacha utulie, kisha akanimiminia maji yakiwa meupe. Kila nilipomrushia neno alilidaka, na kila siku nilirudi nyumbani nimeshindwa na nimekasirika zaidi. Binti yangu akaacha kula pamoja nami.

Nyumba ikaisha. Paa likakaa juu ya miti iliyoletwa kutoka Kigwena, kuta zikapigwa lipu nyeupe inayoumiza macho saa sita mchana. Wapita njia waliotoka Kabonga waliuliza kama Mdachi amehamia Rumonge. Kiangazi chote nyumba ikaachwa ikauke, na harusi ikapangwa ifanyike kabla ya masika kuanza.

Vigingi vya bibi harusi hupigiliwa na mama yake. Ndivyo ilivyo kwetu: mama huingia na vigingi vya mti mgumu, akavipigilia ukutani kwa ajili ya kioo, nguo na msahafu, na hapo ndipo nyumba inakuwa ya binti. Niliingia na binti yangu, nikachagua ukuta wa chumba cha kulala, nikaweka kigingi kwenye kiungo cha mawe mawili, nikapiga nyundo. Nilitegemea kigingi kipigane nami. Kikazama. Nilipiga mara ya pili kikazama kama kimechomwa kwenye ugali, nikabaki nimeshika kichwa chake tu.

Nikakivuta. Kilitoka kimelowa, na nyuma yake ukatoka ute wa manjano, ukateremka polepole juu ya ile lipu nyeupe. Niliugusa. Mimi hupika sabuni, kwa mawese na maji ya majivu, kama wanawake wote wa ufukwe huu, na naijua sabuni iliyokataa: si mafuta tena, si sabuni bado, inateleza na kuvunjikavunjika vidoleni. Ndiyo hiyo iliyokuwa ndani ya ukuta. Kiangazi kizima, na bado ilikuwa mbichi.

"Mama, ni nini hicho?" binti yangu akauliza.

"Ni nyumba yako," nikamwambia.

Mkwe aliitwa akaja. Akatia kidole katika tundu, akakinusa, akakisugua kwa dole gumba. Hakuniangalia. Aliangalia mlangoni, upande wa ziwa, ambako ule mtumbwi wa mawese ulikuwa umelala juani. Hakuhitaji kuambiwa.

"Mafuta," akasema.

Nilicheka, ndiyo, nilicheka, na kicheko kile nisingekiuza kwa mali yoyote. Nikamwambia, "Kuchamba kwingi, mkwe, huondoka na mavi."

Aliugonga ukuta kwa kishikio cha nyundo, chini, katikati, juu, na kila mahali ukajibu kwa sauti ya mtu mwenye kikohozi. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwashi kabla ya kuwa mnafiki, alinieleza ukweli wote. Ngozi mbili za mawe hazikuwa zimeshikana na chochote. Zilikuwa zimesimama kwa uzito wake na kwa lipu. Mvua kubwa ya kwanza ingepenya, ule ute ungevimba, ngozi ya ndani ingesukumwa, na mawe yangeangukia chumbani. Baada ya kusema hayo akaurudisha mlango taratibu.

"Bi mkwe," akasema. Hakuwa amepata kuniita hivyo. "Harusi ni Ijumaa. Ndugu zangu wako njiani kutoka Ujiji. Waache watoto waingie. Wageni wakishaondoka nitaufungua kidogo kidogo, na kwa sasa nitauegemeza kwa miti. Tusiaibishane."

"Kitanda kitakaa wapi?" nikamwuliza.

Akaonyesha kwa kidevu. Kilikuwa kikae chini ya ukuta uleule, kwa sababu upande wa pili una mlango.

"Na mvua ikija?"

"Mvua bado."

Kupitia dirisha niliona ng'ambo ya ziwa, na juu ya milima ya Kongo mawingu yalikuwa yamekwisha kukaa kitako. Damu ilinipanda. Mtu huyu alikwishajua kwamba ukuta utamwangukia mwanangu, na wa kwake pia, na bado alikuwa anapima aibu. Nikaufungua mlango, nikatoka nje, nikapiga ukelele uliofika sokoni. "Njooni! Njooni muone boma la Mdachi linavyotoa usaha!"

Wakaja. Wakaja mpaka wakamuaji wa mawese, miguu yao imepakaa mafuta mpaka magotini. Kila mmoja akatia kidole tunduni. Wengine wakaanza kunirushia ile methali ya asiyeziba ufa kujenga ukuta, na nikawaambia hapa ukuta ulitangulia, ufa ndio ulikuwa njiani. Binti yangu alikaa chini amejifunika uso kwa kanga. Nilidhani analia kwa hofu. Nilipoinama kumshika aliutoa mkono wangu begani mwake, na nikaona kwamba anayemkasirikia ni mimi.

Harusi ikaahirishwa. Kesho yake alfajiri mkwe aliubomoa ukuta kwa mikono yake, jiwe kwa jiwe, akayakwangua mawe yote, akayachoma kwa moto wa kuni ili mafuta yatoke. Kwa hilo simlaumu. Lakini chombo cha kukorogea hakikuwepo. Mtumbwi wa mawese haukufaa tena, na kuchonga mpya kulitaka mti, na fundi, na muda, na mawingu hayakuwa na muda. Watu wote wakanigeukia.

"Muvure upo," nikasema. "Lakini si wangu. Aende mwenyewe akauombe. Na kabla ya kuomba, amsalimu mama yangu."

Alikwenda Gatete kwa miguu, nami nyuma yake. Njia nzima nilijitayarishia raha. Kichwani mwangu nilimwona mama akimsimamisha juani. Nilimwona akimwuliza kama ameosha miguu mara saba. Nilimwona akimkatalia mara ya kwanza, ili aombe tena.

Mama alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Mkwe akasimama mbali kidogo, akatoa Kirundi chake cha kuazima. "Mwaramutse."

"Amahoro, baba mukwe," mama akajibu. "Ikala."

Hakukaa. "Nimekuja kuomba muvure wako, mama. Nikoroge chokaa. Ukuta wa mjukuu wako umeharibika."

"Umeharibika namna gani?"

"Ulikorogwa kwenye mafuta."

Mama akautazama muvure uliokuwa umelazwa kivulini, mweusi kwa miaka ya ndizi. "Chokaa ikiingia mu muti, haitoke," akasema. "Pombe yote itakuwa na ladha ya chokaa."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Muvure ule aliuchonga baba yangu, na ndio uliokuwa shamba la mama, ng'ombe wake na mume wake tangu alipofiwa.

"Tutakuletea mwingine," mkwe akasema.

Nikamwambia mama kwa Kirundi amnyime. Nikamweleza yale ya mara saba na udongo, yote, kwa haraka, na mkwe akijua fika ninachosema ingawa hakuyajua maneno. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akajipangusa mikono.

"Mutoto atalala fasi gani?" akaniuliza, kwa Kiswahili, ili wote wawili tusikie. Akamgeukia mkwe. "Iko pale. Beba."

Hakumsimamisha juani. Alimtafutia vijana wa jirani wa kusaidia kubeba, akampa hata ndizi za kula njiani. Nilirudi Rumonge nimewakasirikia watu wawili badala ya mmoja.

Aliuosha muvure ufukweni mwenyewe. Nilikaa juu ya jiwe nikimtazama mikono, na hakutia udongo. Akakoroga, akamimina, akachokoa, akapandisha, safari hii akiacha kila tabaka lishike kabla ya kugusa jingine, huku akiezeka majani ya migomba juu kila wingu lilipokaribia. Mvua za kwanza zilimkuta juu ya ukuta. Binti yangu aliolewa katika nyumba ya shangazi wa mumewe, bila ngoma, na akaingia katika nyumba yake kiangazi kilichofuata. Nilipigilia vigingi. Cha kwanza kilivunjika kichwa. Niliona fahari, na fahari ile haikunisaidia kitu, kwa sababu binti alisimama mlangoni akitazama nje mpaka nikamaliza.

Muvure ulirudi Gatete mweupe ndani. Mama alijaribu. Aliuchemshia maji, akausugua kwa majani, akaukamulia ndizi za kumwaga. Wateja walionja, wakatazamana, wakaenda kwa mpika pombe mwingine. Akaishia kulima mihogo katika mashamba ya watu. Muvure mwingine haukuja. Angewezaje, mtu kama yule, kwenda kwa fundi na kuagiza hori la pombe? Mama hakumdai. Nilimdai mimi, kila Idi, mbele za watu, naye kila Idi aliangalia chini. Mama akafa akiwa na jembe la kuazima.

Si muda mrefu baada ya msiba binti yangu alitembelewa na mgeni wa kutoka Ujiji, mke wa ndugu mmoja wa mkwe wangu. Wadachi walikuwa bado wako Usumbura. Tulikuwa barazani sote wanne, mgeni, binti, mkwe, na mimi. Mgeni akaupiga ukuta kofi, akausifu, akauliza ulikorogwa kwa chombo gani, maana kwao nyumba za namna hii zina nyufa.

"Kwa pipa la Wadachi," binti yangu akasema, akimimina kahawa. "Baba mkwe alilileta kutoka bomani."

Alisema kwa wepesi. Ilikuwa wazi kwamba hakuwa akilisema mara ya kwanza. Nikafungua mdomo, mdomo wangu huu ambao haujawahi kuninyima neno, na hakikutoka kitu.

"Si pipa," mkwe akasema.

Binti akasimamisha birika.

"Ni muvure wa pombe," akasema yule mzee, akimtazama mgeni machoni. "Wa bibi yake huyu mkwe wangu, wa Gatete. Niliuharibu, na sikumpa mwingine."

Nilimchukia siku ile kuliko siku zote nilizowahi kumchukia, kwa sababu maneno yale yalikuwa ya binti yangu kuyasema. Mgeni akakohoa, akaanza kuuliza bei ya dagaa. Binti yangu akaja upande wangu bila kuninyanyulia macho, akanimiminia kahawa. Kikombe changu kilikuwa kimejaa tayari.